Bondia Aliyetaka Kuendelea: Maisha ya Robert Napunyi Wangila



Vijana wetu hapa Chawia siku hizi wanazungumza sana juu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega yaliyofungwa kinga. Wamesikia kwamba Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Aliwekwa kwenye kundi la walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele, wale ambao kazi yao ni kumkimbilia mwenye mpira na kumwangusha chini kwa nguvu zote. Kijana mmoja aliniomba nimwandike. Lakini Adongo yu hai, na safu hii ni ya watu waliokwisha kututoka. Basi nimemchagua Mkenya mwingine, aliyeenda Marekani kuishi kwa nguvu za mwili wake wakati Adongo angali mtoto mchanga, na kazi ile ndiyo iliyomuua. Wazee wanamkumbuka. Vijana wengi hawamjui hata kwa jina, nami naona hiyo si haki.

Jina lake ni Robert Napunyi Wangila.

KIJANA WA NAIROBI

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967, miaka minne baada ya uhuru. Kenya aliyokulia ilikuwa nchi ya ndondi. Leo ukitaja Kenya ng'ambo watu wanafikiria mbio peke yake, lakini miaka ile mabondia wetu walikuwa wanaogopwa Afrika nzima.

Mfano mkubwa wa kila kijana aliyevaa glavu alikuwa Philip Waruinge. Huyu alileta medali ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968, na kule kule akapewa kombe la bondia mwenye ufundi kuliko wote kwenye mashindano, ingawa hakushinda dhahabu. Mwaka 1972 kule Munich akapata fedha, na wenzake Dick Murunga na Samuel Mbugua wakapata shaba. Halafu Kenya ikasusia Olimpiki mara mbili mfululizo, 1976 na 1980, na mabondia wengi wazuri wakazeeka bila kupata nafasi. Mwaka 1984 kule Los Angeles, Ibrahim Bilali akarudi na shaba.

Kwa hiyo shaba tulikuwa nazo, fedha tulikuwa nayo. Dhahabu ya ndondi hatukuwa nayo, na hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa ameipata. Hapo ndipo Wangila alipoingia.

SEOUL, 1988

Wakati wa Olimpiki ya Seoul mimi nilikuwa mwanafunzi, na habari tulizipata kwa redio, Sauti ya Kenya. Nyumba yenye redio na mawe yasiyokwisha nguvu ilikuwa kama mali ya kijiji kizima. Tulikuwa tunasubiri wakimbiaji, na wakimbiaji hawakutuangusha. Paul Ereng alishinda mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000, na Julius Kariuki mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Hizo ni dhahabu nne.

Ya tano ililetwa na bondia ambaye wengi wetu tulikuwa hatujamsikia. Wangila alikuwa ametimiza miaka 21 mwezi huohuo wa Septemba. Alipigana uzito wa welter, yaani mwisho wa kilo 67. Si mtu mkubwa. Ukikutana naye stendi ya Mwatate ungemwona kijana wa kawaida tu. Lakini ngumi yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake.

Fainali ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba, dhidi ya Mfaransa Laurent Boudouani. Raundi ya pili Wangila akamwangusha, na pambano likaishia hapo kwa nokauti. Nataka mwone uzito wa jambo hili. Katika mashindano hayohayo Mmarekani Roy Jones alimzidi Mkorea Park Si-hun mbele ya macho ya dunia, lakini waamuzi wakampa Mkorea ushindi, na mpaka leo watu hawajaacha kulalamika. Kwa Wangila waamuzi hawakupata la kuhesabu. Mtu akiwa chini, yuko chini.

Pamoja naye, Chris Sande alipata shaba. Ukijumlisha tangu 1968, Kenya ina medali saba za Olimpiki za ndondi, na ya dhahabu ni hiyo moja tu. Isitoshe, mpaka leo ninapoandika, Wangila ndiye Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Zingine zote ni za wakimbiaji. Fikiria hilo.

MAREKANI

Mwaka 1989 Wangila aliingia ndondi za kulipwa, akahamia Marekani. Hakuna ajabu katika hilo. Waruinge kabla yake alienda Japani kwa sababu hiyohiyo. Medali ni heshima, lakini medali hailipi karo wala haijengi nyumba. Bondia wa miaka 21 anajua kwamba mwili wake una miaka michache ya kuuzika, basi anaenda palipo na mnunuzi.

Ila ndondi za kulipwa ni mchezo mwingine, si ule wa Seoul. Wakati ule bondia wa Olimpiki alipigana raundi tatu za dakika tatu tatu, kichwani amevaa kofia ya kinga. Kwenye ngumi za kulipwa hakuna kofia, na pambano linaweza kwenda raundi 10, hata 12 likiwa la ubingwa. Zamani lilikwenda raundi 15. Zilipunguzwa baada ya Novemba 1982, Mkorea Kim Duk-koo alipopigana na Ray Mancini mjini Las Vegas mpaka raundi ya 14, akaanguka, akafa siku chache baadaye. Wakuu wa ndondi wakakaa chini wakakata raundi tatu. Ilibidi mtu afe kwanza.

Kuna jambo lingine ambalo sisi watazamaji hatulioni. Bondia wa kulipwa hana mshahara. Analipwa kwa pambano. Akishinda, pambano linalofuata lina pesa zaidi. Akishindwa, anapewa pesa kidogo, na mara nyingi anapewa kijana anayepanda ili kijana huyo apate jina kupitia yeye. Kila kushindwa kunakata mkate wa kesho.

Wangila alipigana mapambano 27 ya kulipwa, kuanzia 1989 hadi 1994. Alishinda 22. Hesabu hiyo si mbaya hata kidogo, wengi wangeililia. Lakini hakuwa bingwa wa dunia. Na yule Mfaransa aliyemwangusha Seoul, Boudouani, yeye alikuja kuwa bingwa wa dunia mwaka 1996, katika uzito unaofuata juu ya welter. Wakati huo Wangila alikuwa kaburini miaka miwili.

USIKU WA JULAI 22

Ijumaa tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, Wangila alipanda ulingoni kupigana na Mmarekani David Gonzales. Refa alikuwa Joe Cortez, mmoja wa marefa wanaojulikana sana katika mchezo huo.

Raundi ya 9 Cortez akaingia kati. Aliona Wangila anapigwa bila kujibu inavyofaa, akasimamisha pambano, ushindi ukaenda kwa Gonzales.

Wangila hakukubali. Alilalamika kwamba amesimamishwa mapema, kwamba alikuwa bado ana uwezo wa kuendelea. Alikuwa amesimama kwa miguu yake, anaongea, anabisha. Mtu yeyote aliyekuwa pale angeweza kumwamini.

Kisha akaenda chumba cha kubadilishia nguo. Humo akapoteza fahamu. Alikimbizwa hospitali, akiwa na jeraha la ubongo, na hakuamka tena. Jumapili tarehe 24 Julai akafariki. Alikuwa na miaka 26, zimebaki wiki chini ya sita atimize 27.

Habari ilipofika Kenya watu walishindwa kuielewa. Wale wachache waliokuwa na televisheni walikuwa wametoka kutazama fainali ya Kombe la Dunia, iliyochezwa hukohuko Marekani wiki moja kabla. Sasa maiti ya kijana wetu wa dhahabu ilikuwa inasubiri kurudishwa nyumbani.

KUJISIKIA VIZURI SI USHAHIDI

Kwa nini mtu anaweza kubisha na refa, halafu baada ya muda mfupi akawa mahututi? Nimeuliza watu wa hospitali wanieleze kwa lugha ya kawaida, nami nawapa kama nilivyopewa.

Ubongo uko ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikipigwa kwa nguvu, ubongo unatikisika, na mishipa midogo ya damu iliyo kati yake na fuvu inaweza kukatika. Damu inaanza kuvuja pole pole. Fuvu halitanuki, kwa hivyo damu inapozidi inaubana ubongo. Katika muda huo mtu anaweza kuwa macho, anatembea, anacheka, anabisha. Anasema ukweli anaposema anajisikia vizuri. Lakini kujisikia kwake si ushahidi, kwa maana kiungo anachotumia kujipima ndicho kilichoumia.

Wale wa mpira wa Kimarekani wamelijua hili kwa uchungu. Mwaka 2002 daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa mchezaji mmoja mashuhuri, Mike Webster, aliyekuwa amefariki, akakuta umeharibika kwa mapigo ya miaka mingi. Junior Seau, mlinzi hodari wa nafasi ileile aliyowekwa Adongo, alijiua mwaka 2012 akiwa na miaka 43, na ubongo wake ulipopimwa ulikuwa na uharibifu huohuo. Leo kwenye ligi yao mchezaji aliyegongwa kichwa haulizwi kama anataka kuendelea. Anatolewa, daktari anampima, na uamuzi ni wa daktari. Waliona kwamba mchezaji hawezi kuwa mwamuzi wa kichwa chake mwenyewe.

Msidhani haya ni mambo ya Marekani. Mpwa wangu anaendesha bodaboda. Siku moja alianguka kwenye kona za kushuka Mwatate, kichwa wazi, helmeti ameining'iniza kwenye usukani. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akacheka na wenzake, akataka kuendelea na kazi kwa sababu pikipiki ilikuwa ya watu na pesa ya siku ilikuwa haijatimia. Mama yake, dada yangu, alikuja akamtazama akiongea, akamwona anarudia maneno. Akachomoa ufunguo. Kijana alikasirika sana, akamwambia anamharibia kazi. Dada yangu hakubishana naye. Alimpandisha gari mpaka Voi, huko akaanza kutapika. Alipopigwa picha ya kichwa, damu ilikuwa imeshaanza kukusanyika. Akapelekwa Mombasa akafanyiwa upasuaji. Leo anakula ugali wake mwenyewe.

Nawaomba mshike dalili hizi: kichwa kinachouma na kuzidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, kuchanganya maneno, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Mtu aliyegonga kichwa akiona moja ya hizo, ni hospitali hapohapo. Asiambiwe akalale atakuwa sawa asubuhi. Maombi tutayafanya, lakini tuyafanye ndani ya gari linaloelekea hospitali.

NI NANI WA KUSEMA IMETOSHA?

Sasa nirudi kwa Wangila, kwa maana kuna swali moja ambalo haliniachi. Refa alimsimamisha, lakini kusimamishwa hakukumwokoa. Je, refa alifanya kazi bure?

Mimi naona refa ni mlango wa mwisho. Kabla yake kuna mwalimu wa bondia kwenye kona, kuna daktari, kuna meneja, kuna ndugu, na kuna mwenyewe. Inapofika refa aingie kati, mapigo yameshaingia, na mara nyingine hata aliyefanya haki amechelewa. Sijui nani alimwambia nini Wangila kabla ya usiku ule, na simhukumu. Alikuwa amefanya kazi miaka mitano katika mchezo ambao kukubali kushindwa ni kukubali kula kidogo. Ningekuwa mimi, na kuna watu nyumbani wanangoja, huenda ningebisha vilevile.

Na hapo ndipo maisha yake yanapotugusa sisi. Tukiangalia vizuri hapa Chawia, karibu kila boma lina mtu wake mwenye nguvu. Wengine wako kwenye mashamba ya katani Mwatate, wengine wanachimba vito kule chini, wengine wanalinda usiku Mombasa, wengine ni madereva wa malori kwenye barabara ya Nairobi, wengine wasichana wetu wako Saudia. Mwisho wa mwezi simu inalia, M-Pesa imeingia, tunamshukuru Mungu. Lakini ni lini mara ya mwisho ulimpigia mtu huyo simu ukamwuliza amelala saa ngapi? Akisema mgongo unamuuma, tunamjibu nini? Mara nyingi tunamwambia avumilie, kwa sababu karo inafunguliwa Jumatatu.

Mwenye nguvu hapumziki kwa sababu anajua tunamtegemea. Akisimama anaona aibu, anaona ametuangusha. Kwa hiyo ruhusa ya kusimama lazima itoke kwetu, tunaokula jasho lake. Refa ni mgeni, hana deni naye. Sisi ndio anaotuogopa kutuangusha, na sisi ndio anaoweza kutusikia mapema.

Mnakumbuka habari za Naamani katika kitabu cha pili cha Wafalme. Alikuwa jemadari, shujaa, mtu mkubwa, na alikuwa na ugonjwa mwilini. Nabii alipomtumia ujumbe akaoge Yordani, alikasirika akageuza farasi kwenda zake. Waliomrudisha walikuwa watumishi wake, watu waliokula kwake. Wangeweza kunyamaza, maana bwana akikasirika mtumishi anaweza kupoteza kazi. Wakamsogelea wakasema naye kwa upole kama watoto na baba yao, naye akasikia, akashuka mtoni, akapona. Shujaa yule aliokolewa na wanaomtegemea.

Wangila anastahili kukumbukwa kwa dhahabu yake. Wafundisheni watoto jina lake. Anayejua Ereng na Ngugi amjue na yeye. Na mkiwafundisha, wasimulieni pia ule usiku wa Julai, bila kumdharau. Kisha mtu mmoja katika boma lenu, yule anayebeba wengine, mpigieni simu wiki hii. Msimwombe kitu. Mwulizeni hali yake, msikilize jibu mpaka mwisho, na kama amechoka mwambieni mnaweza kuishi na kidogo mwezi huu.

MASWALI YA SELI ZA NYUMBANI

1. Katika familia yako, ni nani mwenye nguvu ambaye wote mnamwegemea? Ni nani anayemwangalia yeye?

2. Mtu akikwambia usimame, unatofautishaje anayekuonea wivu na anayekupenda?

3. Kuna jambo gani ambalo familia yenu inaweza kupunguza ili mmoja wenu apumzike?

Tuwaombee wiki hii vijana wetu wa bodaboda, wachimbaji, walinzi wa usiku, madereva, na wote walio nje ya nchi kwa ajili yetu. Bwana awalinde, na atupe sisi ujasiri wa kusema nao mapema.